Mfano wa Shamba Lako, na Jinsi ya Kuutia Tope na Vumbi Ufanane na Kweli

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba la mteremko, atakaye kujua udongo wake unakwenda wapi. Ndani yake utaonyeshwa namna ya kufanya mfano mdogo wa shamba lako juu ya ubao, na hasa namna ya kuutia udongo, tope, vumbi na madoa, yaonekane kama yalivyo shambani. Huenda utacheka na kusema, "Mimi mtu mzima, nicheze na tope kama mtoto?" Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo uhukumu.

1. KWA NINI MFANO, NA KWA NINI MCHAFU

Mtu asimamaye katikati ya shamba lake halioni shamba lote. Huona mahindi yaliyo mbele yake na magugu yaliyo miguuni pake. Lakini mvua hulishika shamba lote mara moja, kutoka kilele mpaka mtoni. Ili kuona kazi ya mvua, yafaa tulitazame shamba kama ndege alitazamavyo. Hiyo ndiyo faida ya mfano.

Basi fikiri juu ya jambo hili. Udongo wa unene wa milimita 1, ambao haufikii unene wa sarafu, ukichukuliwa na maji katika eka moja, uzito wake ni kadiri ya tani 5. Mkulima haoni kitu. Jembe lake ni lile lile na mipaka yake ni ile ile. Mwaka wa pili hupotea tena, na wa tatu tena, hata siku moja jembe lapiga udongo mwekundu mgumu, na mahindi yatoa magunzi matupu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vile vile.

Upotevu huo hauonekani kwa macho shambani, wala hauwezi kuonekana katika mfano kwa unene wake. Twaweza kuuona kwa alama zake tu: tope lililorukia ukuta, mchanga uliotandazwa chini ya mlima, mizizi iliyobaki wazi, doa jekundu begani mwa kilima, mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Alama hizo ndizo mashahidi. Mfano uliosafishwa ni kama baraza lililofukuza mashahidi wake.

Mimi mwenyewe nalianza kwa kosa hilo. Nalifanya mfano mzuri wa kilima, nikaupaka rangi ya majani mabichi, nyumba zikawa nyeupe na mto ukawa wa buluu. Watu wakausifu sana. Mzee mmoja akautazama kitambo, akaniuliza, "Bwana, mto huu umekuwa wa buluu tangu lini?" Sikuwa na jibu. Kilima chenyewe kilikuwa kimechunika, nami nilikivika kanzu ya Idi. Tangu siku ile nalijifunza kuutia mfano uchafu wake wa haki.

2. KIPIMO

Chagua kipimo kimoja wala usikibadili. Kipimo kifaacho shamba dogo ni hiki: inchi 1 ya mfano ni futi 10 za shamba, yaani kila kitu hupunguzwa mara 120. Eka moja ya mraba ina kadiri ya futi 210 kila upande, basi katika mfano itakuwa inchi 21. Shamba la eka mbili, moja juu ya nyingine katika mteremko, litahitaji ubao wa inchi 21 kwa 42. Mtu mzima atakuwa nusu inchi na zaidi kidogo. Nyumba ya urefu wa futi 20 itakuwa inchi 2.

Kupima mteremko, chukua mti ulionyooka wa futi 10. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa juu, na ncha ya pili uishike hewani upande wa chini. Laza juu yake chupa ya kioo iliyotiwa maji nusu. Maji yakilala sawasawa ndani ya chupa, mti nao umelala sawasawa. Sasa pima toka ncha ya chini mpaka ardhini. Ikiwa ni futi 2, basi mahali hapo ardhi yashuka futi 2 katika kila futi 10, na katika mfano itashuka moja ya tano ya inchi katika kila inchi moja. Endelea hivyo toka juu mpaka chini, ukiandika kila pimo katika daftari. Usiukuze mteremko ili upendeze. Mteremko wa uongo utakupa makinga-maji ya uongo.

3. MWILI WA MFANO

Kata mbao mbili nyembamba kwa umbo la mteremko kama ulivyoandikwa katika daftari, uzipigilie kandokando ya ubao wa chini. Katikati jaza mabua makavu, au karatasi zilizofinyangwa. Juu yake tandaza vipande vya magazeti vilivyochovywa katika uji wa gundi, tabaka nne au tano, kila tabaka likauke kabla ya kuweka jingine.

Uji wa gundi hupikwa hivi: koroga kikombe 1 cha unga wa muhogo katika kikombe 1 cha maji baridi. Mimina katika vikombe 4 vya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uji uwe mwangavu. Tia kijiko kidogo cha shabu iliyosagwa ili usiote ukungu upesi.

Makorongo, njia na makinga-maji yafanywe sasa, kabla ya kutia udongo. Korongo la kwenda chini futi 3 litakuwa na kina cha theluthi ya inchi, si zaidi. Wengi hulichimba kwa kidole, kisha likawa bonde la kumeza nyumba.

4. KUKUSANYA UDONGO

Udongo bora wa mfano ni ule wa shamba lenyewe. Chukua kopo moja moja katika mahali hapa panne: juu ya kilima, begani mwa mteremko, chini ya mteremko, na njiani panapokanyagwa. Chukua na la tano katika mchanga uliotupwa na korongo. Andika jina la mahali juu ya kila kopo. Usiamini kumbukumbu yako, maana udongo mkavu wafanana.

Kausha udongo juani. Kisha uweke katika bati kuukuu juu ya moto wa polepole kwa nusu saa, ukiugeuza. Hivyo wadudu na mayai yao watakufa, na mbegu za magugu hazitaota juu ya mfano. Usitumie samadi kwa ajili ya rangi yake. Tafuta udongo mweusi badala yake.

Sasa twanga, uchekeche kwanza kwa chekeche la unga, kisha kwa kitambaa cha bafta. Jifunge kitambaa kibichi puani na kinywani wakati wa kuchekecha, kwa maana vumbi hili jembamba hudhuru mapafu. Wala usiseme, "Chekeche la unga latosha." Chembe ya mchanga ya nusu milimita, katika kipimo chetu, ni jiwe la ukubwa wa yai la kuku. Ukitandaza mchanga huo katika mfano, utakuwa umelijaza shamba mayai ya mawe. Kwa mashamba na njia tumia ule uliopita katika bafta tu. Ule uliobaki juu ya bafta uuweke kwa ajili ya mahali penye mawe kweli.

5. KUJARIBU RANGI

Hapa ndipo wengi hukosa. Udongo ukilowa gundi huwa mweusi zaidi kuliko ulivyokuwa, na hata ukikauka haurudi rangi yake yote. Tena, mtu atazamaye mfano toka umbali wa futi 2 ni kama atazamaye shamba la kweli toka umbali wa futi 240. Na kitu kilicho mbali huonekana kimepauka kuliko kilicho mkononi. Kwa sababu hizo mbili udongo wa shamba, ukiwekwa juu ya mfano bila kusahihishwa, huonekana mzito na mweusi kupita kiasi.

Dawa yake ni nyepesi. Katika kipande cha karatasi nene fanya madoa manne: la kwanza la udongo mtupu, la pili la udongo uliochanganywa na sehemu moja ya kumi ya majivu meupe yaliyochekechwa, la tatu sehemu moja ya tano, la nne sehemu moja ya tatu. Acha yakauke usiku mmoja. Asubuhi ichukue karatasi mpaka shambani, simama mbali kidogo, ulinganishe. Lile linalofanana na ardhi ya mbali ndilo la kufuata. Ukifanya kwa pupa usiku wa taa, asubuhi utafanya upya.

6. KUWEKA UDONGO KATIKA MTEREMKO

Gundi ya kushikia ni ile ya mgunga iliyolowekwa maji usiku na kuchujwa, au gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji. Paka sehemu ndogo, chekecha udongo juu yake kwa kitambaa, uache ukauke, kisha uinamishe mfano na kuupigapiga ili udongo usioshika uanguke juu ya karatasi. Uurudishe katika kopo lake.

Usiutandaze udongo wa rangi moja toka juu mpaka chini. Katika nchi zetu udongo hubadilika kadiri mteremko ushukavyo, nao hufuatana kama pete za mnyororo: mwekundu juu, wa kijivu au wa hudhurungi katikati, mweusi mzito wa mbuga bondeni. Mtaalamu wa udongo G. Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Amani katika milima ya Usambara, alilieleza jambo hilo mwaka 1935 na kuupa mfuatano huo jina la Kilatini la katena, maana yake mnyororo. Basi weka kila udongo mahali pake, na mpakani uchanganye aina mbili ili pasiwe na mstari kama wa nguo iliyotiwa kiraka.

Kisha tazama tena shamba lako kwa unyofu. Je, begani mwa kilima pana doa jekundu mahali palipopaswa kuwa na udongo mweusi wenye mboji? Liweke. Hilo ni ngozi iliyochunika. Je, miti imebaki mizizi nje? Chonga mizizi hiyo kwa nyuzi za mkonge, uipake udongo kidogo. Je, mawe yasimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo, kila jiwe limekinga udongo wake na matone ya mvua? Vinguzo hivyo ni vidogo mno kwa mfano, lakini mahali penye vinguzo hivyo patie rangi iliyopauka kidogo, upate kupakumbuka.

7. MAKORONGO, NJIA NA MCHANGA

Kuta za korongo hazina rangi moja. Juu kabisa pana utepe mwembamba wa udongo mweusi, chini yake mwekundu, na sakafuni mchanga. Paka hivyo hivyo, kwa burashi nyembamba au kwa unyoya wa kuku uliokatwa ncha.

Mdomoni mwa korongo maji hupunguza mwendo, nayo hutua mzigo wake. Hutua kwanza kilicho kizito: changarawe, kisha mchanga, kisha vumbi jembamba mbali zaidi, na ule ulio mwembamba kupita wote hauketi, bali hufuata mto. Fuata utaratibu huo huo: chembe kubwa karibu na mdomo, na kadiri uendavyo mbali uchekeche kwa kitambaa kizito zaidi. Umbo lake liwe kama kipepeo cha kupepea moto, chembamba juu na kipana chini. Mtu akiliona hilo katika mfano atauliza mara moja, "Mchanga huu wote watoka wapi?" Na akifuata kwa kidole, kidole kitapanda mpaka shambani mwake.

Njia ya watu hupauka, kwa maana hukanyagwa ikakauka na kung'aa. Njia ya ng'ombe si moja, ni nyingi zinazokwenda pamoja kandokando ya kilima. Njia inyookayo toka juu mpaka chini huwa mfereji wakati wa mvua. Ikiwa yako ni hivyo, itie mstari wa mchanga katikati.

8. NYUMBA, KUTA NA MAPAA

Tone la mvua likipiga udongo mtupu hurusha chembe zake juu kadiri ya futi 2. Kwa hiyo kuta za nyumba zilizo karibu na ua usio na majani huwa na mkanda wa tope chini. Katika mfano, futi 2 ni moja ya tano ya inchi. Usipite hapo. Tope likifika dirishani, mtazamaji atajua umekisia.

Usirushe tope kwa mswaki ili kufanya madoa ya matone. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini juu ya mfano ni doa la karibu inchi 8 katika ukuta wa kweli, yaani ukubwa wa sahani. Fanya hivi: chukua vumbi la ua lililopita katika bafta, lichovye kwa unyoya mkavu, uligusishe chini ya ukuta, ukilivuta juu kwa wepesi. Chini liwe zito, juu lififie mpaka lipotee. Ukitaka kuonyesha tope la zamani na tope jipya, weka kwanza vumbi lililopauka, acha likauke, kisha juu yake, karibu na ardhi tu, weka la rangi nzito zaidi, kwa maana tope bichi ni jeusi kuliko tope lililokauka.

Kwa nyufa na pembe tumia maji ya udongo: kijiko kimoja cha vumbi jembamba katika vijiko kumi vya maji, na tone la gundi. Paka, ngoja kidogo, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa, toka juu kuelekea chini tu, kama maji ya mvua yashukavyo. Udongo utabaki katika nyufa, na mahali palipoinuka patakuwa safi. Ukifuta kwa kuzungusha, ukuta utaonekana umeoshwa na mtu, si na mvua.

Bati halishiki kutu kila mahali. Kutu huanza penye msumari na penye ncha iliyokatwa, kisha hushuka kwa mstari mwembamba. Kwangua kutu kutoka kopo la zamani, isage, uipake chini ya kila msumari. Paa la nyasi huwa jeusi kwa masizi pale moshi utokapo, na kijivu pengine pote.

9. MTO, NA MAJIRA

Kabla ya kuweka doa la kwanza, amua mfano wako ni wa siku gani. Ni wa masika au wa kiangazi? Kiangazi kina vumbi, na majani yamepauka, na mto mwembamba. Masika yana tope, na mto umejaa. Ukiweka vumbi la Septemba juu ya paa, na tope la Aprili juu ya ukuta, umefanya nchi isiyopo. Mimi nashauri wakati ulio bora kupita wote kwa kazi yetu: wiki moja baada ya mvua kubwa za kwanza, kwa maana wakati huo ardhi bado tupu, na mashahidi wote wapo.

Kwa rangi ya mto usibuni. Siku ya mvua kubwa jaza chupa moja maji yatokayo shambani mwako, mahali yaingiapo mtoni. Iweke mahali pasipotikiswa siku tatu. Yale yatakayoketi chini ni udongo wako. Mwaga maji polepole, kausha lile tope, nalo ndilo la kupakia mto wa mfano. Watu wakiuliza rangi hiyo uliipata duka gani, waonyeshe chupa.

10. KUSHIKISHA KAZI

Vumbi lililowekwa kwa unyoya litapeperuka usipolishikisha. Zimua gundi mpaka iwe nyepesi kama maji, utie tone moja la sabuni. Bila sabuni, maji yatajikunja kama shanga juu ya vumbi na kuliviringisha. Penye sabuni yatapenya. Nyunyiza kama ukungu kwa chupa ya kupulizia, toka mbali, mara mbili au tatu, ukiacha yakauke kila mara. Usinyunyize kwa wingi, la sivyo madoa yako yote yatafuatana mpaka bondeni.

11. MAKOSA YA KUJIHADHARI

Kosa la kwanza ni kuutia mfano wote uchafu ulio sawa. Uchafu ulio sawa kila mahali hausemi neno. Kosa la pili ni doa lisilo na sababu. Kabla ya kuliweka jiulize: limeletwa na nini, toka wapi, kwa njia gani? Kama huna jibu usiliweke. Kosa la tatu ni kupenda uchafu kupita kiasi. Kuongeza ni rahisi, kuondoa ni kazi; basi anza kwa kidogo, ulale, utazame asubuhi. Kosa la nne ni tope linalong'aa baada ya kukauka, kwa sababu gundi ilizidi. Lipapase kwa vumbi kavu. Kosa la tano ni baya kuliko yote: kuficha aibu ya shamba lako na kuonyesha ya jirani. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

12. MFANO UKIISHA KUFANYWA

Uweke barazani, waite jamaa na majirani, wala usiwahubirie. Waache watazame. Kila mtu atatafuta kwanza nyumba yake, kisha shamba lake, kisha atayaona madoa. Mpe kila mmoja fimbo nyembamba aonyeshe maji yapitapo kwake wakati wa mvua. Hapo watasahihisha kazi yako, nawe usikasirike. Chukua unyoya na vumbi, usahihishe mbele yao. Kisha wekeni nyuzi za rangi kukata mteremko kwa usawa, mjadiliane makinga-maji yakae wapi, ya nani yamwage wapi, na nani ataumizwa yakimwagwa hapo. Kuhamisha uzi ni kazi ya dakika moja. Kuhamisha kinga-maji ni kazi ya miezi.

Jambo hili la kuona kwanza na kukubaliana si dogo. Katika milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi baada ya vita kuu ya pili. Mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa ukawa juu, watu wakachoka bila kuona faida, na mwaka 1955 kukawa na ghasia, nayo kazi ile ikaachwa. Amri haikuwa na macho ya mkulima ndani yake. Huko Machakos, nchi iliyokuwa imechakaa sana katika miaka ya 1930, wakulima walikuja kuipenda namna ya fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, kwa sababu waliona mazao yake; na ingawa watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, milima ile ilizidi kuvikwa matuta. Wamatengo wa Mbinga nao wana ngoro zao, mashimo yazuiayo maji katika mteremko mkali, ambazo wazee walizibuni pasipo kuamriwa na mtu. Katika mfano wetu kila ngoro yapata nusu inchi.

Wala usidhani kazi hii ya mifano ni ya pekee. Mwaka 2006 Waogiek wa Kenya walikusanyika Nessuit, wakafanya mfano mkubwa wa nchi yao ya Mau kwa kipimo cha 1 kwa 10,000, wazee wakiweka kwa mikono yao misitu, mito na mahali pa mizinga kama walivyoikumbuka. Nchi iliyokuwa vichwani mwa wazee ikaonekana na vijana.

Mwisho, usiutupe mfano baada ya mkutano. Uufunike kwa kitambaa, uuweke mbali na mchwa na jua. Kila mwaka, wiki moja baada ya mvua kubwa za kwanza, ujaze chupa yako tena mahali pale pale, ulinganishe tope la mwaka huu na la mwaka jana. Penye kinga-maji jipya, kama mchanga hautandazwi tena, utie majani juu ya doa lile. Penye korongo lililorefuka, kata na urefushe. Hivyo mfano utakuwa daftari la shamba lako, na hata mtu asiyejua kusoma ataweza kulisoma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Tumia udongo wa shamba lenyewe, uliookwa na kuchekechwa kwa bafta.

Jaribu rangi, uache ikauke, ukailinganishe shambani mchana.

Pima urefu wa kila doa kwa kipimo kile kile cha nyumba na watu.

Maji hushuka, basi na uchafu ushuke.

Chagua majira mamoja.

Kila doa liwe na sababu yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku utakapoweza kuyafunika madoa ya mfano wako kwa majani, moja baada ya moja, bila kusema uongo, siku hiyo utakuwa umeuziba ufa, na watoto wako watakuwa na mahali pa kulima.